Kabla Hujalaumu Kamisheni: Historia ya Hela ya Dereva wa Teksi Mtandao, Dar na Nairobi

Katikati ya Aprili 2022, watu wa Dar es Salaam waliozoea kuita gari kwa simu waliamka na habari moja. Uber imesitisha huduma. Hakukuwa na ajali kubwa, hakukuwa na vurugu barabarani. Ugomvi ulikuwa wa namba moja tu: 15.

Serikali, kupitia Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), ilikuwa imesema kampuni ya teksi mtandao isikate zaidi ya asilimia 15 kwenye nauli ya dereva. Uber ilikuwa imezoea 25. Ikasema kwa masharti hayo haiwezi kufanya kazi, ikazima.

Mtaani maneno yakawa mengi. Kuna waliosema "waende tu, walikuwa wanatunyonya". Kuna waliouliza "sasa rejesho la gari nalipa na nini?" Miezi tisa baadaye, Januari 2023, Uber ikarudi. Na kamisheni? Ikarudi nayo, mpaka 25.

Sasa hapo nani alishinda? Ukitaka jibu la kweli inabidi urudi nyuma kidogo, kabla hata ya hizi simu za kupangusa.

ENZI ZA KIJIWE NA HESABU

Kabla ya teksi mtandao, dereva wa teksi alikuwa mtu wa kijiwe. Dar ilikuwa teksi nyeupe yenye mstari ubavuni, imepaki chini ya mwembe, nje ya hoteli au karibu na stendi. Nairobi nayo ilikuwa na teksi zake za mstari wa njano. Kila kijiwe kilikuwa na wenyewe. Huwezi kutoka Mwenge ukaenda kupaki Posta ukaanza kubeba abiria, utafukuzwa kama mwizi. Kuingia kijiweni kulikuwa na ada yake, na ukishaingia unafuata foleni.

Bei ilikuwa ni maneno.

"Kaka, Kariakoo shilingi ngapi?"

"Kumi tu, dada yangu."

"Kumi? Mimi nina tano."

"Dada, mafuta yamepanda. Lete nane twende."

Mzungu akitokea, bei inabadilika. Mvua ikinyesha, bei inabadilika. Usiku wa manane ndo usiseme.

Watu wengi wanakumbuka enzi hizo kama enzi ambazo dereva alikuwa huru, hakatwi na mtu. Hiyo siyo kweli. Wengi wao gari halikuwa lao. Gari lilikuwa la tajiri, na kila jioni tajiri anataka hesabu. Hesabu ni kiasi kile kile kila siku, umepata abiria au umekaa kutwa unapiga soga. Ukipata zaidi ya hesabu, ni yako. Usipofika, unalala na deni. Wengine walikuwa kwa mkataba: unapeleka hesabu mpaka muda uliokubaliwa uishe, gari linakuwa lako, likiwa limeshachoka. Na ukiumwa unampa deiwaka apige siku hiyo, naye ana fungu lake.

Kwa hiyo dereva wa teksi hajawahi kula nauli peke yake. Siku zote kulikuwa na mtu mwingine mezani. Ila hesabu ilikuwa na jambo moja zuri: ilikuwa haikui. Ukikimbia zaidi, tajiri haongezi. Kamisheni ni tofauti. Kamisheni inakimbia na wewe. Tripu moja inakata, tripu ishirini inakata ishirini.

MGENI ANAINGIA

Uber ilianza kubeba abiria San Francisco, Marekani, mwaka 2010. Nairobi ikafika Januari 2015. Dar es Salaam ikafika Juni 2016. Taxify kutoka Estonia ikafuata miji yote miwili, hiyo ndiyo leo inaitwa Bolt, jina lilibadilishwa 2019. Kenya wakatoa na ya kwao, Little, mwaka 2016.

Mwanzoni dereva aliiona kama neema. Hakuna kijiwe, hakuna foleni, hakuna ada ya kuingia. Unakaa popote, simu inalia, unaenda. Nauli ya Nairobi wakati Uber inaanza ilikuwa shilingi 60 za Kenya kwa kilomita, ukiachilia mbali bei ya kuanzia na hela ya dakika. Kampuni inakata 25 kwa mia. Madereva wakapiga hesabu, wakaona inalipa. Vijana wakaacha kazi za ofisini. Watu wakaanza kukopa magari. Mwaka 2016 Uber wenyewe wakatangaza mpango na benki moja ya Kenya wa kuwakopesha madereva magari.

Wenye vijiwe hawakufurahi. Mwanzoni mwa 2016 Nairobi magari ya Uber yalishambuliwa, mengine yakachomwa moto. Wakati ule kila mtu aliamini vita ni kati ya teksi za zamani na teksi mpya. Kumbe vita kubwa ilikuwa bado haijaanza.

Kuna jambo lingine lilitokea mapema ambalo watu hawalizungumzii sana, nalo ni pesa taslimu. Huko Marekani abiria analipa kwa kadi. Kampuni inapokea hela yote, inatoa chake, inamtumia dereva kilichobaki. Dereva hashiki ile hela iliyokatwa. Lakini huku kwetu watu wenye kadi ni wachache. Mwaka 2015 Nairobi ikawa kati ya miji ya mwanzo duniani ambako Uber ilikubali abiria alipe mkononi.

Hiyo ikabadilisha kila kitu kichwani mwa dereva. Sasa abiria anampa dereva nauli nzima. Dereva anaiweka mfukoni, anaweka mafuta, anakula, anatuma nyumbani. Halafu simu inamwambia: unadaiwa. Deni likifika kiwango fulani akaunti inafungwa mpaka alipe. Kamisheni ikawa siyo makato tena, ikawa ni deni. Na deni linauma kuliko makato, hata kama hela ni ile ile.

Ndiyo maana ukikaa na dereva yeyote, Sinza au Eastleigh, kilio cha kwanza utakachosikia ni "wanakata sana". Anachokiona kila siku ni ile asilimia.

JULAI 2016: NAULI INASHUKA

Julai 2016, Uber ikashusha nauli Nairobi kwa karibu asilimia 35. Kilomita ikatoka shilingi 60 ikawa 35. Hela ya dakika ikatoka 4 ikawa 3. Nauli ya chini kabisa ikatoka 300 ikawa 200.

Kampuni ilikuwa na maelezo yake, na siyo maelezo ya kipuuzi. Walisema bei ikishuka, abiria wataongezeka, dereva hatakaa bure, mwisho wa siku atapata sawa au zaidi. Ushindani pia ulikuwa umepamba moto, wenzao nao wanashusha.

Asilimia haikuguswa. 25 ikabaki 25. Sasa chukua kalamu.

Kilomita moja kwa shilingi 60, toa 25 kwa mia, yaani 15. Dereva anabaki na 45.

Kilomita moja kwa shilingi 35, toa 25 kwa mia, yaani 8.75. Dereva anabaki na 26.25.

Kamisheni ni ile ile, ila dereva amepoteza karibu shilingi 19 kwa kila kilomita.

Sasa fanya kitu kingine. Chukulia kampuni ingeamka na huruma ya ajabu ikasema: kuanzia leo hatukati hata senti, asilimia sifuri. Dereva angebaki na ngapi? 35. Bado ni kumi pungufu ya 45 aliyokuwa anapata wakati anakatwa robo nzima.

Soma tena hapo. Dereva asiyekatwa kitu baada ya Julai 2016 angekuwa maskini kuliko dereva aliyekatwa 25 kabla ya Julai 2016.

Na hiyo ni kabla hujaweka mafuta. Abiria hakai mlangoni kwako. Ukienda kilomita 3 kumfuata, halafu ukambeba kilomita 6, gari limetembea 9 ila umelipwa 6. Kwa bei ya zamani, 45 mara 6 ni 270. Gawanya kwa 9, ni shilingi 30 kwa kila kilomita ambayo tairi limezunguka. Kwa bei mpya ni 157.50, gawanya kwa 9, unapata 17.50. Humo humo utoe mafuta, tairi, oili, kuosha gari, bima, rejesho la benki, na kama gari si lako, tajiri wako anasubiri nyumbani. Ni kweli kuna hela ya dakika na bei ya kuanzia zinaongezeka, ila nazo zimepita kwenye makato yale yale.

Yule aliyekopa gari kwa hesabu ya shilingi 60 ndo aliumia zaidi. Benki haikushusha rejesho kwa asilimia 35.

KUZIMA SIMU

Kilichofuata ni migomo. Mwanzoni mwa 2017 madereva wa Nairobi wakazima simu na kuandamana. Uber ikasogea kidogo, kilomita ikapanda kutoka 35 mpaka 42. Bado ilikuwa mbali na 60. Mwaka 2018 ikaja huduma ya bei nafuu zaidi ya magari madogo, Chap Chap, na Julai mwaka huo madereva wakagoma tena kwa siku kadhaa.

Shida ya mgomo wa teksi mtandao ni moja. Kwenye kijiwe, mkikubaliana watu kumi hakuna anayebeba, kweli habebi mtu, maana mnaonana. Kwenye simu hamuonani. Wenzako wamezima, magari yamepungua, bei inapanda, kuna mtu huko Rongai anaona bei imepanda anawasha. Aliyewasha naye ana watoto. Huwezi kumlaumu sana.

2022: SERIKALI MBILI, NAMBA MBILI

Baada ya miaka ya kelele, serikali zikaingia. Na zikaingia mwaka mmoja.

Tanzania, LATRA ikaja na 15. Kenya, kanuni mpya za usafiri wa mtandao chini ya mamlaka yao ya NTSA zikaja na 18, katikati ya 2022.

Tofauti yao siyo hizo tatu za katikati. Tanzania haikugusa asilimia peke yake, ilitoa na mwongozo wa nauli. Kenya waliweka ukomo wa kamisheni, lakini bei ya kilomita wakaiacha mikononi mwa kampuni.

Huku Dar, kampuni ikajibu kwa kuondoka. Agosti 2022 Bolt nayo ikapunguza huduma, ikabaki zaidi na wateja wa makampuni. Hapo ndipo ilipoonekana nani ana nguvu. Kampuni inaweza kuzima mji mmoja na ikaendelea kula kwenye miji mingine mamia. Dereva hawezi kuzima rejesho. Wengi wakahamia aplikesheni nyingine, wengine wakarudi kwenye wateja wa kupigiana simu, wengine wakarudisha gari kwa tajiri. Mwisho wa mazungumzo, viwango vikalegezwa: kamisheni mpaka 25, na juu yake ikaruhusiwa ada ya kuita gari.

Huko Kenya Uber ilienda mahakamani kupinga, lakini 18 ndiyo ikaja kukaa. Kwenye karatasi madereva wa Kenya walishinda. Basi tupige tena hesabu ya ushindi huo.

Ile nauli ya zamani ya 60 kwa makato ya 25 ilimwachia dereva 45. Kwa makato ya 18, nauli ya kumwachia dereva 45 ingekuwa karibu 55. Maana yake ni kwamba kutoka 25 kwenda 18, ushindi uliopiganiwa miaka sita, una thamani ya shilingi kama tano tu kwenye nauli ya zamani. Wakati siku moja ya Julai 2016 ilichukua shilingi 25 kwa mpigo.

Na mafuta hayakusubiri. Mwaka 2016 lita ya petroli Nairobi ilikuwa chini ya shilingi 100. Oktoba 2023 ikafika 217.36.

ADA YENYE JINA JIPYA, BEI YA KARATASI

Ukiweka ukomo kwenye mlango mmoja, hela inatafuta dirisha. Oktoba 2023 NTSA ya Kenya ilikataa kuihuisha leseni ya Bolt, sababu mojawapo ikiwa ada ya kuita gari ya asilimia 5 iliyokuwa inatozwa mbali na ile 18. Baadaye wakaelewana, leseni ikatoka. Lakini dereva alishajifunza kitu: kamisheni inaweza kuwa na jina lingine.

Halafu ikaja 2024. Kuanzia kama Agosti, madereva wa Nairobi walifanya jambo ambalo halikutegemewa. Hawakugoma. Waliendelea kupokea abiria kwenye simu, ila abiria akiingia ndani anakuta karatasi ya bei. Bei zao wenyewe, zimechapwa vizuri, zimebandikwa nyuma ya kiti. Simu inasema hivi, karatasi inasema zaidi. Unakubali twende, hukubali shuka. Kampuni zikaanza kuwafungia akaunti wanaotoza zaidi, nao wakaendelea.

Angalia walichopigania mara hii. Hawakuandika "punguzeni kamisheni". Waliandika bei ya kilomita. Ilichukua miaka minane tangu Julai 2016, lakini dereva akawa ameigusa nyama yenyewe.

Dar hakukuwa na karatasi, ila kuna simu ambayo kila abiria anaijua. Umeita gari, kabla halijasogea dereva anapiga. "Kaka habari, unaelekea wapi? Kwako inasoma bei gani?" Ukimtajia anakaa kimya sekunde mbili, halafu: "Duh. Utaongeza kidogo?" Au: "Basi ghairi hapo, tuongee wenyewe." Abiria wengi wanakasirika, wanasema dereva ana tamaa. Wapo wenye tamaa kweli, tusidanganyane, na kughairi kuna hatari yake, maana tripu haionekani popote na likitokea la kutokea hakuna kumbukumbu. Lakini mara nyingi yule mtu anafanya hesabu ya mafuta ya kukufuata pale ulipo.

Ndo maana hata ile aplikesheni ya inDrive, iliyozaliwa Yakutsk huko Siberia kwenye baridi kali, ilipokelewa vizuri huku. Inaruhusu abiria na dereva kuvutana bei. Yaani tumezunguka dunia nzima na setilaiti zake, tumerudi chini ya mwembe: "Mimi nina tano." "Lete nane twende."

SASA LAWAMA IENDE WAPI?

Kamisheni siyo malaika. 25 kwa mia ni robo ya jasho la mtu ambaye gari, mafuta, bima na ajali vyote ni juu yake. Kuipunguza ni haki na ni vizuri. Lakini historia ya miaka hii, Nairobi na Dar, inaonyesha kwamba asilimia ni nusu ya hesabu tu. Nusu nyingine ni: asilimia ya ngapi? Dereva akipigania kamisheni huku bei ya kilomita anapanga mtu mwingine, anapewa kwa mkono wa kulia na kunyang'anywa kwa mkono wa kushoto.

Na kuna mtu wa tatu ambaye hatajwi kwenye migomo wala kwenye kanuni. Ni abiria. Nauli iliposhuka 2016, abiria ndiye aliyeshangilia. Bei ikisoma elfu nne badala ya elfu saba, hakuna anayeuliza hiyo elfu tatu imetoka mfukoni kwa nani. Kampuni inapunguza bei ili kumpata abiria, na anayelipa gharama ya kumpata ni mtu wa usukani.

Siyo kwamba abiria ana hatia. Naye mshahara wake haujapanda. Lakini siku nyingine dereva akipiga simu na kuuliza "kwako inasoma bei gani", kabla hujamjibu vibaya, kumbuka anauliza swali ambalo madereva wa miji miwili wamekuwa wakiuliza tangu 2016.

Wewe je, dereva akikuomba uongeze kidogo, unaongeza au unaghairi? Na wewe uliye kwenye usukani, leo uchague moja: kamisheni ishuke au bei ya kilomita ipande? Dondosha maoni yako hapo chini, na ukiweza weka na hesabu yako ya siku tuione.